Mchezo wa Haki Hauhitaji Lori

Ndugu waamini, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, makatekista na viongozi wote wa walei,



Kwa miaka mingi michezo ya kuigiza imekuwa sehemu ya kazi ya Haki na Amani katika parokia zetu. Ni nadra Kwaresima kupita pasipo kikundi fulani kuigiza juu ya ufisadi, ardhi, ulevi au ukatili wa majumbani. Jambo hilo ni jema, wala hatuna nia ya kulipinga. Tunalolipinga, tena waziwazi, ni namna ya kuigiza iliyoota mizizi miongoni mwetu. Lori linafika uwanjani limebeba jukwaa la mbao, mapazia, jenereta na vipaza sauti. Waigizaji wanashuka wakiwa wamevaa fulana zenye jina la mfadhili. Mchezo unachezwa kwa saa nzima, mwovu anaadhibiwa, mwema anashangiliwa, na mratibu anatangaza funzo. Kisha lori linaondoka. Watu wamecheka na kupiga makofi. Mjane aliyeketi nyuma kabisa, ambaye shamba lake limelimwa na shemeji yake asubuhi ileile, anarudi nyumbani kama alivyokuja. Hakuna aliyemwuliza neno.

Shughuli kama hiyo tunaiita tamasha, na debe tupu haliachi kuvuma. Msimamo wetu ni huu: mchezo unaozungushwa vigangoni kwa ajili ya haki uwe mwepesi kiasi cha kubebwa katika kikapu kimoja, na ubuniwe kwa pamoja na watu wanaoijua dhuluma inayoigizwa. Umaskini wa mifuko yetu si sababu ya kwanza ya kusema hivyo, ingawa nauli ya watu watano na kikapu ni jambo ambalo kigango chochote kinaweza kulimudu. Sababu ya kwanza ni kwamba kila kitu kizito kinachowekwa kati ya mwigizaji na mtazamaji humfunga mtazamaji mdomo. Nani atainuka kutoka nyasini amkatize mtu aliye juu ya jukwaa na kipaza sauti mkononi?

MANABII HAWAKUBEBA MAPAZIA

Wapo watakaosema kwamba mchezo usio na mapambo ni dharau kwa watazamaji. Hao wafungue Maandiko. Nabii Yeremia alinunua gudulia la udongo, akawachukua baadhi ya wazee na makuhani hadi bondeni, akalivunja mbele ya macho yao. Siku nyingine alijivika nira shingoni. Ezekieli alichukua tofali, akachora juu yake mji wa Yerusalemu, akauzingira. Nabii Nathani hakuwa hata na gudulia. Alimsimulia Mfalme Daudi kisa cha maskini na mwanakondoo wake mmoja, na mfalme akatoa hukumu kwa hasira kabla ya kutambua kwamba amejihukumu mwenyewe. Hebu tufikiri: kama Nathani angeanza kwa kutangaza funzo, je, Daudi angefika kwenye hukumu ile?

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kila Ijumaa Kuu waamini wetu huizunguka mitaa na vilima kwa Njia ya Msalaba. Msalaba mmoja, vituo 14, na barabara yenyewe ndiyo jukwaa. Hatujasikia mtu akilalamika kwamba hakukuwa na mapazia.

MABINGWA WANA NENO GANI KWETU?

Vijana wetu wanaohudhuria semina za sanaa mijini hurudi na majina ya mabingwa: Grotowski, Brook, Brecht, Boal. Wengine huyataja majina hayo kama hirizi, kana kwamba kuyatamka kunatosha kuutakasa mchezo. Sisi twasema mawazo ya bingwa ni chombo cha kazi, mfano wa jembe. Jembe huulizwa limelima wapi. Basi tuwaulize mmoja mmoja.

Jerzy Grotowski, Mpoland, alianza mwaka 1959 kuongoza ukumbi mdogo katika mji wa Opole, na mwaka 1965 akahamia Wrocław. Alijiuliza mchezo unaweza kuondolewa nini na bado ukabaki mchezo. Akaona kwamba taa za jukwaani, vipodozi, mapambo na muziki wa kurekodiwa vyote vyaweza kuondoka. Visivyoweza kuondoka ni viwili: mwigizaji na mtazamaji. Hilo tulichukue lote. Lakini Grotowski aliwafanyia kazi watazamaji wachache sana, na waigizaji wake walijinoa kwa miaka kana kwamba wako utawani. Sisi tunaigiza chini ya mwembe, mbele ya watoto, mbuzi na wazee. Anayetaka kuuleta ukimya wa Wrocław siku ya soko amechukua ganda na kuacha kokwa.

Peter Brook, Mwingereza, alisafiri na waigizaji wake kuanzia Desemba 1972, kutoka Algeria, kupita jangwa la Sahara hadi Nigeria. Walipofika kijijini walitandaza zulia, na zulia ndilo lililokuwa jukwaa. Somo hilo ni zuri: mkeka mmoja waweza kugeuza mahali popote kuwa mahali pa kutazamana. Lakini kikundi kile hakikuijua lugha ya wenyeji, na kilikuwa kikitafuta majibu ya maswali yake chenyewe juu ya sanaa. Sisi tukitandaza mkeka, swali liwe la kijiji.

Bertolt Brecht, Mjerumani aliyefariki mwaka 1956, anatufaa zaidi ya wengi wanavyodhani. Alitoa mfano wa mtu aliyeshuhudia ajali barabarani. Shahidi huyo huwaonyesha waliochelewa kufika jinsi dereva alivyoendesha na jinsi mpita njia alivyovuka. Hahitaji kufanana na dereva wala kulia machozi ya majeruhi. Anahitaji kuonyesha kwa uwazi kiasi cha kuwawezesha watu kuamua kosa ni la nani. Je, kuna Mkristo ambaye hajamwona shahidi wa namna hiyo kando ya barabara baada ya matatu kupinduka? Basi na asiambiwe tena kwamba kuigiza ni kazi ya wasomi. Brecht pia alipenda kuwatangazia watazamaji mapema jambo litakalotokea, ili waache kujiuliza mwisho utakuwaje, waanze kujiuliza kwa nini umekuwa hivyo.

Wala tusidhani kwamba mawazo haya ni mageni katika Kiswahili. Ebrahim Hussein wa Tanzania, aliyesoma hadi shahada ya uzamivu katika Berlin ya Mashariki, alitoa mwaka 1976 kazi mbili, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambazo msimulizi mmoja aweza kuzibeba. Bibi zetu walifanya hivyo jikoni kwa karne nyingi. Sauti moja ilikuwa sungura, fisi na mfalme, na watoto waliitikia.

MKULIMA ALIYEWAUMBUA WAIGIZAJI

Tumemweka Augusto Boal wa Brazili mwisho kwa sababu ndiye anayetugusa kidondani. Boal mwenyewe alisimulia jinsi kikundi chake kilivyokwenda kaskazini-mashariki mwa nchi yake kuwaigizia wakulima maskini. Waigizaji waliimba kwa mori, wakiwahimiza wakulima kumwaga damu kwa ajili ya ardhi. Mchezo ulipokwisha, mkulima aitwaye Virgílio akawajia kwa furaha: bunduki mnazo, nasi twajua adui alipo, basi twendeni pamoja. Waigizaji wakaona haya. Ikawabidi kueleza kwamba bunduki zile ni za mchezo tu, na kwamba wao ni wasanii, si wapiganaji. Virgílio akatambua kwamba damu iliyohimizwa kumwagwa ilikuwa ya wakulima, wala haikuwa ya wasanii.

Kisa hiki tungependa kibandikwe katika ofisi ya kila mratibu wa michezo ya uraghbishi. Ni michezo mingapi imewaambia wanyonge "simameni", kisha ikapanda gari na kuwaacha wamesimama peke yao mbele ya chifu, mwajiri au mume?

Tangu hapo Boal hakutaka tena kuwapa watu majibu. Katika Peru mwaka 1973 na baadaye, aliunda namna ya mchezo ambamo dhuluma huonyeshwa hadi mwisho wake mbaya, kisha mchezo huanza upya. Safari hii mtazamaji yeyote aweza kupaza sauti, "Simama!", akaingia mahali pa mdhulumiwa na kujaribu njia nyingine. Waigizaji wengine humkabili kama mdhalimu angemkabili. Kuna kanuni moja ambayo vikundi vyetu huivunja daima: hairuhusiwi kumgeuza mdhalimu kuwa mwema ghafla. Boal aliuita ujanja huo uchawi, nasi twakubaliana naye. Wapo wanaomaliza kila mchezo kwa tajiri kutubu, wakidhani wanahubiri Injili. Uongofu ni kazi ya neema, na neema haipangiwi na mtunzi wa mchezo.

Mbinu hiyo haikuishia viwanjani. Boal alichaguliwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akahudumu kuanzia 1993 hadi 1996, na katika muda huo sheria 13 zilizotokana na michezo ya wananchi zilipitishwa. Hapa kwetu Kenya mbegu ya aina hiyo ilipandwa ndani ya Kanisa lenyewe: mafunzo ya DELTA ya miaka ya 1970 yalitumia maigizo mafupi yasiyo na jibu ili watu wajadili mizizi ya matatizo yao, kwa kufuata mawazo ya Paulo Freire. Anne Hope na Sally Timmel waliyakusanya mafunzo hayo katika vitabu vilivyotoka mwaka 1984. Kwa nini basi tumeacha igizo linalouliza, tukakumbatia igizo linalotangaza?

MFANO: JINA LILILOFUTWA

Tusiishie kwenye nadharia. Chukueni dhuluma ambayo kila kigango kinaijua: mjane anayenyang'anywa shamba. Waigizaji ni watano. Kikapuni mna leso mbili, kigoda, karatasi moja na kayamba.

Kwanza, mchezo usiandikwe na mtu mmoja ofisini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wajane wenyewe waketi na waigizaji, kwa faragha na kwa hiari yao, waseme mambo huanza vipi. Watawaambia jambo ambalo ofisi isingelijua: kwamba shamba halinyang'anywi siku ya kung'oa mipaka. Hunyang'anywa wakati matanga hayajaisha, shemeji anapokwenda kwa chifu kuomba barua ya kuwatambulisha warithi, na jina la mjane na mabinti zake likakosekana. Majina na alama za kumtambulisha mtu halisi ziondolewe zote, maana mchezo wa haki hauna ruhusa ya kumwanika mtu aliyekwisha kudhulumiwa.

Pili, vitu vichache vifanye kazi nyingi. Leso ni sanda, kisha ni mtoto mgongoni, kisha inatandazwa na kuwa shamba. Shemeji anapoikunja leso ile taratibu, pembe kwa pembe, na mjane akabaki amesimama mahali padogo zaidi na zaidi, hakuna pazia duniani litakalosema zaidi.

Tatu, msimulizi atangaze mapema: sasa mtaona jina likifutwa pasipo kifutio. Na mwigizaji wa shemeji asimfanye kuwa zimwi la kuchekwa. Ana madeni, ana karo ya watoto, ana mama anayemsukuma. Tukimfanya zimwi, kila shemeji aliyeketi uwanjani atajiambia kwamba hahusiki.

Nne, mchezo uishie mjane akiwa njiani, kisha uanze upya. Hapo ndipo kazi hasa ilipo. Mmoja atainuka amtukane shemeji, na wote waone kwamba matusi hayarudishi shamba. Mwingine ataenda kwa chifu akiwa na mashahidi. Mwingine huenda akajua kwamba barua ya chifu si hukumu. Katika Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imetumika tangu 1981, na kifungu chake cha 45 kinamkataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini iliyotolewa kisheria. Ombi la kusimamia mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 za kulipeleka mahakamani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Msaidizi wa kisheria awepo uwanjani, lakini asipewe dakika 40 za hotuba. Aingie mchezoni kama wengine, ajaribiwe na shemeji kama wengine.

MZEE WA KANISA ABAKI

Sasa twafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika waraka huu. Katika mchezo huo yumo mhusika wa tano, mzee wa Kanisa, aliyeketi kwenye kikao cha ukoo siku jina lilipoachwa. Hasemi neno baya. Hasemi neno lolote. Anafungua kikao kwa sala na kukifunga kwa sala.

Wapo wanaotaka mhusika huyo aondolewe. Husema analitia Kanisa aibu, kwamba waamini watavunjika moyo, kwamba adui zetu watafurahi. Kwa heshima zote, hatukubali. Chifu aigizwe, mbunge aigizwe, polisi aigizwe, na sisi peke yetu tufichwe nyuma ya leso? Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, katika hati yake juu ya haki duniani, ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria wengine haki sharti awe mwenye haki kwanza machoni pao. Tukiwadai viongozi wa serikali uwazi huku tukikagua mchezo ili mtunza hazina wa parokia asiguswe, tutakuwa kinyozi asiyejinyoa. Na watazamaji si wajinga: wanajua ni nani aliyeketi katika kikao kile.

Tena twasema kwamba mhusika huyo ndiye tumaini la mchezo. Shemeji ana faida ya kupata, mjane hana nguvu, chifu ana cheo cha kulinda. Mzee wa Kanisa ndiye peke yake ambaye hana cha kupoteza isipokuwa starehe ya kunyamaza. Mwacheni mtu wa hadhira apaze sauti, "Simama!", aketi katika kigoda chake, na ajaribu kusema. Siku hiyo mchezo utakuwa Injili.

MAJIBU KWA WENYE HOFU

Wengine watuuliza: je, Brecht hakuwa Mmarx? Naam, alikuwa. Hatufichi. Lakini Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wathesalonike kupima mambo yote na kulishika lililo jema, wala hakuwaambia wapime ya ndugu zao tu. Na kwa anayetaka shahidi asiyetiliwa shaka, tunaye. Mwaka 1941, Poland ikiwa chini ya Wanazi, Mieczysław Kotlarczyk aliunda mjini Kraków kikundi cha siri kilichoigiza katika nyumba za watu, bila jukwaa, kwa vifaa vichache mno, kikitegemea nguvu ya neno. Kukamatwa kungeweza kuwa kifo. Mmoja wa waigizaji alikuwa kijana mfanyakazi aitwaye Karol Wojtyła, ambaye mwaka 1978 alichaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili. Je, nani atasema kwamba mchezo wa sebuleni ni mdogo mno kwa Kanisa?

Wengine watatukumbusha Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1977, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji waliyatazama mazoezi na kuyasahihisha maneno. Ulikuwa mchezo mkubwa, tena wa watu hasa. Twakubali, nasi twaona fahari. Lakini tukumbuke yaliyofuata: Novemba mwaka huohuo kibali kilifutwa, siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka, na Machi 1982 ukumbi ulibomolewa. Ukumbi hubomolewa kwa siku moja. Kikapu hakibomoleki, na watu watano walioshika mchezo vichwani mwao waweza kuucheza jikoni. Leo Katiba, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Tuutumie, tukijua kwamba ulinzi ulio karatasini hulegea usipotumiwa.

TUNACHOKIOMBA

Tunaziomba parokia zikatae fedha zinazokuja na funzo lililokwisha kuandikwa. Tunaviomba vikundi virudi katika kila kigango baada ya mwezi mmoja kuuliza yaliyowapata waliothubutu kusema, maana asiyerudi hakustahili kuja. Na tunawaomba mapadre na halmashauri za walei wamwache mzee wa Kanisa akae katika kigoda chake mbele ya macho ya wote, mpaka mmoja wetu apate ujasiri wa kumwondoa pale kwa kusema ukweli.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Mchezo wa mwisho tuliouona hapa ulituuliza nini? Au ulitutangazia tu?

2. Katika kigango chetu, majina hufutwa wapi, na nani huwa ameketi kikaoni?

3. Nani kati yetu angeweza kubeba kikapu hicho, na ni wajane gani tungewaomba watufundishe?

Wenu katika Kristo,
Tume ya Haki na Amani